Nirudishie Ishirini Yangu

Jamani, najua habari yangu na bia ya Uskoti mshaipata. Yule jamaa yangu mdomo wake hauna breki, na toleo lake linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu jana usiku. Anadai nilikuwa nimelewa. Uongo! Sikuwa nimeonja hata tone, na hapo ndipo aibu inapozidi.

Tuko Edinburgh, Uskoti, baa ya mbao nyeusi na dari la kugonga kichwa. Jamaa ameshika meza, mimi nimetumwa kaunta. "Agiza themanini," akaniambia. Themanini gani, hakusema. Kaunta ina pampu tatu za mkono, na kila moja ina kibao: 60/-, 70/-, 80/-. Mkenya gani hajui alama hiyo? Sukari robo, kiberiti, mafuta ya kupima, dukani kwetu vyote vimeandikwa hivyo hivyo, nambari, mkwaju na kistari. Nikasema moyoni, kumbe huku pesa zetu zinapita!

(Msicheke bado. Wekeni akiba.)

Kwenye pochi nilikuwa na noti ya mia, ile yenye jengo la KICC la Nairobi, niliyoitunza iwe nauli ya matatu nikirudi nyumbani. Nikaitandaza kaunta, nikainyoosha kwa kiganja, nikaagiza painti moja ya 80. Mhudumu akavuta pampu pole pole, mara tatu, bia ikapanda ikiwa na rangi ya shaba na povu jembamba juu. Akaniwekea mbele. Akaitazama noti. Nami, kwa ile sauti ya abiria anayedai chenji kwa makanga, nikamwambia: "Nirudishie ishirini."

Kimya.

Akaigeuza noti. Akaiinua kwenye taa. Mjue kwamba Uskoti benki tatu huchapa noti zao wenyewe, kwa hiyo mhudumu wa kule hakimbilii kukataa noti ngeni. Akamwita mwenzake, naye akaigeuza. Mzee mmoja aliyekaa kando na mbwa wake akavaa miwani, akasoma kwa sauti, silabi baada ya silabi: "Shi-li-ngi." Kaunta nzima ikageuka. "Lakini ni shilingi kweli!" akasema mzee. Nikaafiki kwa kichwa, kifua mbele, mkono umenyooka nasubiri chenji yangu. Hata mbwa alinikazia macho.

Ndipo mhudumu akaniinamia, kwa upole ule unaouma kuliko tusi, akanieleza kuwa ile si bei. Ni jina la bia. Karne ya 19 Waskoti walizitaja bia zao kwa bei ya pipa zima, na kwa kuwa bia kali ilikuwa ghali zaidi, nambari ikawa kipimo cha ukali. 60/- huitwa "light", haifiki asilimia 3.5 ya kileo. 70/- ni "heavy", inakaribia 4. 80/- ni "export", kati ya 4 na 5 hivi. Juu yake kuna "wee heavy", kuanzia 6.5 hadi 10. Na msidanganyike, hiyo "light" ni nyepesi kwa kileo tu. Kwa rangi mara nyingi ni nyeusi kuliko 80/-. Shilingi yenyewe Uingereza waliiaga Februari 1971, bia zikabaki na majina.

Mzee hakukubali yaishe. Alichukua kadi ya kuwekea glasi, akaandika: shilingi 20 kwa pauni, mia ni pauni 5. Painti ni pauni 4.80. "Huyu anadai chenji!" Na kihistoria hakukosea, maana shilingi tuliyoletewa Afrika Mashariki mwaka 1921 ilikuwa sawa na yao, 20 kwa pauni. Ingekuwa enzi za babu ningeondoka na shilingi nne zangu. Mhudumu, kwa bahati mbaya, anatumia kiwango cha leo, na leo mia yangu haifiki hata pauni moja.

Nikalipa kwa kadi, jamaa akapiga picha, mengine mmeshayasoma.

Ila bia yenyewe, wapendwa, nimepata mchumba! Ni kimea kitupu, tamu ya karameli, na hops, yale maua yanayoipa bia uchungu, kidogo sana. Rangi hutokana na shayiri iliyochomwa, asilimia chache tu ya nafaka yote. Harufu ya moshi msiitafute, hayo ni mambo ya wiski. Kuna watengenezaji, hasa Marekani, wanaotia kimea cha moshi wakidhani ndio Uskoti wenyewe. Wale wa "baridi ama warm?" mtahangaika, kwani inatoka pipani chini ya baa ikiwa nyuzi 11 hadi 13, yaani si baridi wala si moto. Ukiipoza kwenye friji utamu unajificha. Gesi pia ni kidogo, kwa hiyo usiseme imelala.

Pipa likishafunguliwa lina siku tatu hivi za uhai, kisha hewa inaligeuza. Ikinuka siki, irudishe kaunta bila haya, watakubadilishia. Painti ni mililita 568, inaizidi chupa yetu ya 500, kwa hiyo "mbili tu" zako zihesabu vizuri. Na anayejitia shujaa aagize bia ya Skull Splitter ya visiwa vya Orkney, asilimia 8.5, yenye jina la utani la mtawala wa Kiviking wa visiwa hivyo, halafu ajaribu kunisomea vibao.