Nimechoka Kupisha Watu

Jamani, mimi mtoto wa Tanga. Nimelelewa kwamba mtu akikwambia "pisha", unapisha, maswali baadaye. Sasa nimekuja kuangukia Cádiz, kusini mwa Hispania, nikapata kibarua cha jikoni kwenye mgahawa mmoja wa samaki. Siku ya kwanza nimebeba sufuria la maji ya moto, mpishi huyo: "Pisha!" Nikajibana ukutani. Kasimama, ananikodolea. "Vipi, pisha?" Nikajibana zaidi. Wiki nzima chokaa ya ukuta nilirudi nayo nyumbani mgongoni.

Kumbe pisha ni mimi! Wenyewe huandika "picha", ila hiyo "ch" watu wengi wa Cádiz wanaitamka "sh". Na maana yake ni kile kiungo cha mwanamume ambacho hapa sikitaji, mama yangu ana simu janja siku hizi. Ndivyo wanaume wanavyoitana kirafiki, mchana kweupe. Wanawake nao wana chao, "shosho", kiungo kisieni wenyewe. Jirani yangu, dada wa Nairobi ambaye hata miaka 30 hajafika, aliitwa shosho na muuza samaki, akamwachia samaki wake kwenye mizani. Tusi lenyewe hakulijua. Kilichomuuma ni kuitwa bibi, maana kwao Nairobi shosho ni nyanya, mama wa mzazi.

Kuna na hili la "macho". "Unasemaje, macho?" Nikajifuta macho, nikajua vitunguu vimenitoa machozi. Wapi! Macho kwao ni dume.

Ila lililoninyima usingizi ni "cabrón". Nilikaanga bajia zao za uduvi na unga wa dengu, zikatoka nyembamba, kavu, zinalia mdomoni. Mkuu wa jiko akanipiga bega: "¡Qué cabrón!" Nikauliza maana. Beberu. Dume la mbuzi! Na ukilichimba zaidi, ni mume ambaye mkewe anatoka nje. Eti hapo nasifiwa, kwa sababu amecheka na mkono uko begani. Neno hilo hilo mwambie dereva uliyemchomekea barabarani, uone kama atacheka. Babu yangu kakata mkonge wa mabeberu mpaka mgongo ukapinda, leo mjukuu ndiye beberu, tena Ulaya kwenyewe!

Kwetu utani una wenyewe, mtani wako unamjua tangu kwa babu zenu. Huku mtani ni yeyote aliyeshika kisu.

Hata mkataba wangu wa kazi haukusalimika. Cheo kimeandikwa "pinche", yaani msaidizi wa jikoni. Mwenzetu wa Meksiko alipokisoma alicheka mpaka akakaa sakafuni, maana kwao pinche ni neno la kulaania kitu: pinche mvua, pinche gari. Mimi laana yangu ina sahihi na muhuri. Na yeye huyo huniita "güey", neno lililotokana na maksai. Kwa hiyo asubuhi mimi ni beberu, jioni nimeshahasiwa.

Juzi mama kapiga simu ya video nikiwa kazini. Nikaiegemeza kwenye chupa ya mafuta, namwonyesha jiko. Nyuma yangu mpishi akapaza sauti: "¡Pishaaa!"

Mama akakunja uso. "Mwanangu, hujamsikia mwenzio? Mpishe, umemzibia njia."

Nikampisha.