Halane 2009: waliolipuliwa pale walikuwa wavamizi au walinzi wa amani?

Kuna hoja inarudi kila mada ya Somalia ikiguswa, kwamba wanajeshi wa Burundi na Uganda waliokuwa wanalipuliwa Mogadishu walijitakia wenyewe, walienda kukalia nchi ya watu kwa ajili ya dola za wazungu, na mwenye nchi ana haki ya kumtoa mgeni ambaye hakumkaribisha kwa njia yoyote aliyonayo. Nimeisoma mara nyingi mno, na wanaoiandika sio wafuasi wa al-Shabaab, wengi ni watu wenye akili zao wanaochukia ubeberu kama ninavyouchukia mimi. Ndio maana nataka tuipime kwa tukio moja badala ya kuongea juu juu.

Septemba 17, 2009, gari mbili zenye nembo ya UN zilifika kambi ya Halane, pale uwanja wa ndege wa Mogadishu, makao makuu ya AMISOM, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Afrika (AU). Zikaruhusiwa kupita, maana nani anazuia gari ya UN. Ndani kulikuwa na kikao cha makamanda. Zikalipuka. Naibu kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Juvénal Niyonguruza wa Burundi, akafa, na kamanda mkuu mwenyewe, Nathan Mugisha wa Uganda, akajeruhiwa. Wanajeshi wa AU waliokufa ni 17, Warundi 12 na Waganda 5.

Al-Shabaab walikiri siku hiyo hiyo na wakatoa sababu. Walisema ni kisasi cha Saleh Ali Saleh Nabhan, mtu wa al-Qaeda aliyeuawa siku tatu kabla karibu na Baraawe na makomando wa Marekani waliokuja na helikopta. Nabhan alikuwa mzaliwa wa Mombasa, anatafutwa kwa kuhusishwa na bomu la hoteli ya Kikambala la 2002. Sasa shika hapo. Mtu wa Mombasa kauawa na Wamarekani, na wanaolipishwa ni Warundi 12 na Waganda 5 ambao hawakuwemo kwenye ile helikopta wala hawakuombwa ruhusa. Hiyo ndio sababu waliyoitangaza wao wenyewe. Mtu akija kuniambia shambulio lile lilikuwa kilio cha taifa lililokaliwa, namrudisha kwenye tamko la wahusika.

Ila upande wa pili una hoja na hoja zenyewe ni nzito. Ethiopia iliingia Somalia Desemba 2006 na vifaru ikaing'oa Mahakama za Kiislamu, umoja uliokuwa unaushika mji, ambazo kwa miezi sita tu zilikuwa zimeipa Mogadishu utulivu ambao wakazi wake hawakuwa wameuona kwa miaka kumi na tano. Kilichofuata ni mitaa mizima kupigwa makombora na watu kukimbia mji kwa malaki. Waganda wakashuka Machi 2007, Waethiopia wakiwa bado wapo, kwa hiyo kwa mama wa Mogadishu aliyezika watoto huyu mgeni na yule mgeni walikuwa kitu kimoja, wote wana bunduki, wote wanailinda serikali ambayo hakuichagua. Halafu AMISOM nao walirusha mizinga. Al-Shabaab walikuwa wanapiga kutoka katikati ya watu maeneo ya soko la Bakara, AMISOM wanajibu, na jibu linaangukia raia. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliyaandika haya, na lilizilaumu pande zote. Baadaye 2014 yakaandikwa ya wanajeshi kuwatumia kingono wanawake wa Kisomali waliokwenda kambini kutafuta dawa na maji. Mwaka 2021 kule Golweyn wanajeshi wa Uganda waliua raia saba, na mahakama ya kijeshi ya Uganda ikawatia hatiani wanajeshi wake. Tena Januari 2014 Ethiopia, ile ile ya 2006, ikaingizwa rasmi ndani ya AMISOM. Msomali anayesema "si tuliwaambia hawa ni wale wale" ana sababu kabisa, na mimi siwezi kumnyamazisha.

Lakini hasira ya yule mama ni kitu kimoja na gari la bomu ni kitu kingine. Waethiopia waliondoka Januari 2009. Mwisho wa mwezi huo huo bunge likamchagua Sheikh Sharif Sheikh Ahmed kuwa rais, yaani kiongozi wa zile Mahakama zilizong'olewa, mtu aliyepinga uvamizi kwa silaha akaja kukaa kwenye meza ya mazungumzo ya amani Djibouti. Kama tatizo lilikuwa Ethiopia basi lilikuwa limeshatoka mlangoni na aliyefukuzwa ndio anakaa Ikulu, na ni yeye aliyetaka AMISOM wabaki. Februari 22, wiki tatu tu baadaye, al-Shabaab wakajilipua kwenye kambi ya Warundi na kuua 11. Desemba 3 mwaka huo mtu akajilipua hoteli ya Shamo kwenye mahafali ya wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Benadir, vijana wamevaa majoho, familia zimekuja kupiga picha. Mawaziri watatu wakafa pamoja na wahitimu na waandishi wa habari. Ni jeshi gani la kigeni lilikuwa linahitimu pale? Na Oktoba 2017 lori la bomu liliua watu zaidi ya 500 kwenye makutano ya Zoobe, Mogadishu, karibu wote raia wa Kisomali.

Sasa nije kwa hao wanaoitwa mamluki, maana hapa ndio naona watu wanadhulumiwa. AU iliahidi kikosi cha watu 8,000. Nigeria ikaahidi, Ghana ikaahidi, Malawi ikaahidi, hakuna aliyetokea. Mwanzoni walikuwa Waganda peke yao, halafu Desemba 2007 wakaongezeka Warundi, na kwa miaka minne ya mwanzo ni hao tu, basi. Mwaka 2009 wanajeshi walianza kuvimba miguu, moyo unashindwa kazi, wanasafirishwa kwa ndege Nairobi na Kampala, na madaktari walipochunguza wakakuta ni beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1. Zaidi ya 200 waliugua, wanne wakafa. Beriberi! Ugonjwa wa mabaharia na wafungwa wa zamani, unamuua mwanajeshi karne hii kwa sababu ya chakula anachopewa kambini. Jeshi linalokula raha kwenye nchi iliyokaliwa haliugui beriberi.

Na Warundi hawa walitoka wapi? Jeshi lao lilikuwa limetoka tu kuunganishwa baada ya makubaliano ya Arusha ya 2000 na mengine yaliyofuata, Wahutu waliokuwa msituni na Watutsi waliokuwa wanawawinda wamevaa gwanda moja. Nchi yao yenyewe ilikuwa imelindwa na kikosi cha AU mwaka 2003, cha Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Yaani hawa walikuwa wanajua maana ya kumwona mwanajeshi mgeni mtaani kwako, wengine walimwona wakiwa vijana.

Posho nayo tuiseme. Baadaye ilifika dola 1,028 kwa mwezi kutoka Umoja wa Ulaya, serikali inakata 200, inabaki 828, na mara nyingi inachelewa miezi. Kwa askari wa Bujumbura ni pesa nyingi sana, ni nyumba, ni ada ya watoto, sikatai kwamba wengi waliitaka. Lakini kutaka mshahara hakukufanyi mamluki. Nesi naye analipwa.

Kinachoniuma zaidi ya matusi ya mitandaoni ni hesabu. Mei 2013 Jan Eliasson, naibu katibu mkuu wa UN wakati huo, alisema pengine wanajeshi wa AMISOM waliokufa wanafika 3,000. AMISOM wakakanusha, wakasema hawafiki 500. Tofauti hapo ni watu 2,500! Hii sio tofauti ya makarani kukosea jumla, hiki ni kiwanja cha mpira kimejaa wazazi, kila mmoja ana mtoto ambaye kuna ofisi haijaamua kama amekufa. Oktoba 2011 kule Dayniile al-Shabaab walipanga chini miili wakasema ni Warundi karibu 70, AU ikasema waliokufa ni 10. Januari 2016 kwenye kambi ya Wakenya ya El Adde, gari la bomu likaanza na wapiganaji wakafuata, na Kenya haikutoa idadi, rais wa Somalia Hassan Sheikh mwenyewe ndiye akasema ni kati ya 180 na 200, Nairobi ikakana. Kambi ya Waganda ya Bulo Marer iliposhambuliwa 2023 Museveni alisema wazi ni 54, na nchi haikuanguka kwa sababu ya kusema.

Ukimficha aliyekufa unampa adui kazi ya kumhesabu. Al-Shabaab ndio waliokuwa wanatoa video na vitambulisho vya marehemu huku serikali zimekaa kimya, mjane anamwona mumewe kwenye simu ya jirani kabla hajapigiwa na jeshi. Na fidia, dola 50,000 kwa kila aliyekufa, inaanza na makaratasi, na makaratasi yanaanza na serikali kukubali kwamba mtu amekufa. Halafu tunashangaa hoja ya mamluki inapata wasikilizaji! Askari aliyekufa kwa ajili ya amani hutangazwa, anayefichwa ni yule mwenye kazi ya aibu, hivyo ndivyo mtu wa kawaida anavyosoma, na serikali zetu ndio zimemfundisha kusoma hivyo.

AMISOM ikawa ATMIS 2022, ATMIS ikawa AUSSOM Januari 2025, na Burundi haikuingia kwenye hiyo ya mwisho, vijana wamerudi nyumbani baada ya miaka 17. Zitolewe orodha mbili kwa pamoja. Moja ya kila mwanajeshi wa AU aliyekufa, jina, cheo, tarehe na mahali, kuanzia Machi 2007. Nyingine ya raia wa Kisomali waliouawa na risasi na mizinga ya AMISOM. AMISOM iliruhusiwa kuunda kitengo cha kufuatilia hayo tangu 2012, kwa hiyo haitakuwa kuanza na karatasi tupu. Mama wa Bakara na mama wa Gitega wote wawili wanadai ofisi ile ile ya AU pale Addis Ababa.