Salfa ya Shemeji

Mzabibu wangu uko Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, ndani ya pipa la plastiki lililokatwa nusu. Wakinicheka nawauliza, kwani zabibu ni za Dodoma peke yao? Kweli kule kukavu, na huku kwetu hewa ukiikamua inatoa maji. Lakini mimi shida yangu haikuwa zabibu, ilikuwa kivuli. Jua la saa tisa lilikuwa linapita balkoni, linaingia sebuleni na kujikalia kwenye kochi kama mgeni asiyeaga.

Kivuli nikakipata. Vuli ilipoisha, majani yakaota madoa ya njano juu, na ukiyageuza, chini kuna manyoya meupe. Ndipo mdogo wake mume wangu akaingia kutoka Newala, na kwenye begi ana salfa, ule unga wa njano wa dawa ya mikorosho, iliyobaki msimu wa korosho.

"Shemeji, huu ubwiri unga, ukungu wa majani. Mie nimekua nao."

Akanieleza vizuri kabisa: salfa hupulizwa alfajiri, upepo umelala, umande ungalipo, ili unga ushike kwenye majani. Alfajiri yenyewe ilimkuta anakoroma, maana usiku kulikuwa na mpira. Akaamka saa nne, akanywa chai, akajaza salfa kwenye soksi ya mpira ya kaka yake, akapanda stuli na kuanza kuipigapiga kwa mwiko. Mwiko wangu wa ugali, naomba ieleweke.

Saa hizo upepo wa bahari ulishaamka. Wingu la njano likatoka balkoni, likasitasita kidogo, likashuka ghorofa ya pili. Siku yenyewe Ijumaa. Na ghorofa ya pili anakaa mzee mmoja ambaye kanzu zake mbili zilikuwa kambani.

Hodi haikuchelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Kanzu ilikuwa mkononi. Akainusa. "Salfa hii. Nani wa kwetu yumo humu?"

Nikamtoa shemeji chumbani, ambako ghafla alikuwa amekumbuka kukunja nguo. Kumbe mzee naye ni wa Newala! Wakaanza na vijiji, wakaja ukoo, wakatua kwenye bei ya korosho. Mimi nikabaki na kanzu. Salfa haiyeyuki majini, mwenzangu. Unaloweka, unga unaelea juu ya beseni, ukiinua kanzu unapanda nayo. Ikabidi nianike, zikauke, nizikung'ute ndipo nifue tena. Msikitini mzee alikwenda na shati la mume wangu, limembana kifuani.

Aliporudi akapitiliza balkoni, akageuza jani moja, akalichungulia.

"Kijana, ubwiri unga unaufuta kwa kidole unatoka. Haya manyoya ya chini ni ubwiri mwingine, dawa yake ni ya shaba. Hapa kwa salfa umeupamba mti tu."

Shemeji akaangalia baharini.

Kilichofuata ni joto la Januari kukaa juu ya ile salfa na kuunguza hata majani yaliyokuwa mazima. Nikaupogoa wote, na machipukizi yameanza kutokeza. Salfa iliyobaki mzee aliiomba, ana mikorosho yake michache nyumbani. Akapewa ikiwa ndani ya soksi vilevile. Mume wangu anatafuta mguu wa pili, kila Jumamosi anawashuku watoto, nami nimenyamaza.