Mwalimu Mmoja wa Fizikia, Bodi Mbili

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi (CBE) walipoingia Gredi ya 10, bodi za shule ndogo za kutwa nchini Kenya zinaumiza vichwa: nani atafundisha masomo ya mikondo mipya, yaani makundi ya masomo ambayo mwanafunzi huchagua? Lakini bodi jirani zikitaja kuajiri mwalimu mmoja kwa pamoja, hukatwa kauli mapema.

Wanaopinga wana hoja. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, wanachama 6 kati ya 13 wa bodi huchaguliwa kuwakilisha wazazi wa shule hiyo au jamii ya eneo lake, na hao ndio wanaodai hesabu. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini mchango wake unamlipa mwalimu anayeshinda shule nyingine siku mbili kwa wiki. Mkaguzi wa hesabu naye atauliza. Tena shule zenyewe hushindania wanafunzi wale wale.

Hata hivyo, hebu tupige hesabu. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa uliwekwa kuwa Sh22,244 kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 1,200 inastahili Sh26,692,800. Ya wanafunzi 150, Sh3,336,600. Hizo ni pesa za kwenye karatasi, maana Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kulipa kiwango hicho kikamilifu. Mgao huhesabu vichwa, hauhesabu masomo. Tume ya Huduma za Walimu (TSC), inayoajiri walimu wa serikali, isipoleta mwalimu wa fizikia, bodi itamtafuta wake, na mshahara wake haupungui eti kwa kuwa darasani mna watoto 12 badala ya 45. Shule kubwa haiuhisi mzigo huo. Ndogo hufuta somo, na mtoto aliyetaka uhandisi anasukumwa kwenye mkondo uliobaki, si kwa kukosa akili bali kwa kuzaliwa karibu na shule yenye wanafunzi wachache. Hili ndilo linaloniuma.

Shule mbili za namna hiyo, zilizo umbali wa nauli ya boda, zikigawana mwalimu huyo kila moja hulipa nusu. Na mzazi analalamikia nini hasa, ikiwa pasipo mkataba huo mwanawe asingemwona mwalimu wa fizikia hata siku moja?

Suala la uwajibikaji linatatulika kwa maandishi. Bodi zote mbili zipitishe uamuzi huo katika kumbukumbu za mikutano yao, mkataba utaje siku za kila shule, nani analipa nauli, na mwalimu atalipwaje mgao ukichelewa. Kisha usomwe mbele ya wazazi wa shule zote mbili kabla ya kutiwa sahihi. Pale ambapo shule zimetengana kwa kilomita 40 za barabara mbovu, kama ilivyo sehemu nyingi za kaskazini, sioni mpango huu ukifaa. Huko TSC haina budi kupeleka mwalimu wa kila shule.