Muujiza Wenye Mpaka: Mikono, Kompyuta na Kicheko Katika Filamu za Njozi

Miongoni mwa wapenzi wa filamu za njozi zenye kuchekesha kuna dai lililozoeleka kiasi kwamba wengi hawalipimi tena: vioja vilivyotengenezwa kwa mbao, rangi, nyuzi na kamera vilikuwa na uhai, na kompyuta ilipoingia mlangoni kicheko kilitokea dirishani. Wanaolipinga hujibu kuwa huko ni kuupenda ujana uliokwisha, na kwamba mtazamaji hajali kioja kimetengenezwa kwa nini mradi kimemfurahisha. Kwa maoni yangu, upande wa kwanza umeiona hasara iliyopo kweli, ila umemshika mtuhumiwa asiye na hatia.

Mashahidi wa upande huo ni wazito. Georges Méliès alikuwa mwanamazingaombwe na mmiliki wa ukumbi wa Robert-Houdin mjini Paris alipohudhuria onyesho la ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema, mwezi Desemba 1895. Mwaka uliofuata alitengeneza filamu fupi ambamo mwanamke aliyeketi kitini anatoweka, na mahali pake panatokea mifupa ya binadamu. Siri yake ilikuwa kusimamisha kamera, kumwondoa mwigizaji, kuiendesha kamera tena, kisha kukata na kuunganisha ukanda pale palipohitaji. Mwaka 1901 alipiga picha ya kichwa chake mwenyewe kikipulizwa kwa mvukuto mpaka kinapasuka: alijificha mwili kwa kitambaa cheusi, akaketi juu ya kigari kilichovutwa kuielekea kamera, na picha hiyo ikawekwa juu ya nyingine iliyokwisha kupigwa. Kila kioja cha namna hiyo kilidai maandalizi marefu kwa ajili ya sekunde chache, na kosa dogo lilitosha kuiharibu kazi yote.

Buster Keaton, mchekeshaji wa enzi za filamu zisizo na sauti, alikwenda mbali zaidi katika Sherlock Jr. ya mwaka 1924. Anaigiza mwonyeshaji wa sinema anayelala kazini, na katika ndoto anatembea hadi kwenye skrini na kuingia ndani ya filamu inayoonyeshwa. Filamu hiyo haimpokei. Anataka kuketi kwenye benchi, mandhari yanabadilika na anajikuta akianguka barabarani kati ya magari. Anachungulia ukingo wa jabali, mara yuko mbele ya simba. Anajirusha baharini kutoka mwambani, na kichwa chake kinazama kwenye theluji. Ili mwili wake ubaki palepale huku dunia ikibadilika, Keaton na wapiga picha wake walitumia vifaa vya wapima ardhi kupima umbali wa kamera na mahali alipokuwa amesimama. Hata hivyo, kinachochekesha hapo ni mwenendo wa mtu huyo kuliko ufundi wenyewe. Kila anapoizoea hali moja, inaondolewa, na yeye, bila kulalamika wala kushangaa kupita kiasi, anaanza kuizoea inayofuata. Anaitendea dunia ya kichaa kana kwamba ina adabu, na ndipo tunapomcheka na kumpenda kwa wakati mmoja.

Wanaozisifu enzi hizo husahau haraka ni nani aliyelipa gharama. Katika filamu hiyohiyo maji yaliyomiminika kutoka kwenye tangi la reli yalimwangusha Keaton juu ya chuma, na miaka kadhaa baadaye daktari akagundua kuwa siku ile alivunjika mfupa wa shingo. Wakati wa kutengeneza The Wizard of Oz, iliyotoka mwaka 1939, Buddy Ebsen, aliyeteuliwa kwanza kuigiza mtu wa bati, alilazwa hospitalini kwa sababu ya unga wa alumini aliopakwa, na Margaret Hamilton, aliyeigiza mchawi, aliungua uso na mkono katika tukio la moto. Mtu anayesema vioja vya zamani vilikuwa na uhai lazima akubali kuwa baadhi yake karibu vichukue uhai. Kwangu mimi, hata kama kompyuta isingeleta jambo jingine lolote zaidi ya kuwaondolea waigizaji hatari hiyo, lingekuwa tendo la haki.

Lakini usalama haujibu swali la kicheko, na hapa ushahidi unawasumbua wapenzi wa mikono. The Mask ya mwaka 1994, kuhusu barakoa ya kichawi, ilitegemea sana picha za kompyuta: macho yanatoka nje ya fuvu, taya inaanguka mezani, moyo unadunda hadi unachomoza kifuani. Ilipendwa sana. Mwaka 2005 ikafuata Son of the Mask, yenye mashine bora zaidi, ambayo wahakiki waliiponda na ambayo haikurudisha gharama zake. Ni kweli kwamba Jim Carrey, mwigizaji mkuu wa ile ya kwanza, hakuwemo katika ile ya pili, na pengo lake si dogo. Hata hivyo, kuna tofauti nyingine ambayo huzungumzwa kidogo. Katika filamu ya kwanza barakoa hufanya kazi usiku tu, na humgeuza mtu mmoja mwenye haya, karani wa benki anayeonewa na kila mtu, kuwa kile alichokuwa akikificha. Katika ya pili uwezo huo uko kwa mtoto mchanga aliyezaliwa nao, mchana na usiku, kisha mbwa naye anaivaa barakoa, na lolote linaweza kutokea dakika yoyote. Pasipo lisilowezekana, mtazamaji hana cha kukitarajia, na asiyetarajia kitu hawezi kushtukizwa.

Hapo, naamini, ndipo lilipo jambo lenyewe. Kioja cha mikono kilikuja na mpaka wake. Kamera ya Méliès ililazimika kutulia, mwigizaji alilazimika kuganda, fedha na mbao zilikuwa na mwisho. Kwa hiyo kila muujiza ulichaguliwa, na uliochaguliwa ulipewa nafasi ya kutosha kuonekana. Kompyuta iliuondoa mpaka huo. Zamani uliwekwa na seremala na mhasibu. Leo usipowekwa na mwandishi wa muswada hautawekwa na mtu. Wasimulizi wa kale walilijua hilo vizuri: mvuvi wa Alfu Lela Ulela asingeweza kumshinda jini kama jini huyo asingekuwa kiumbe anayeweza kurudi chupani na kufungiwa humo.

Filamu zinazodumu katika fani hii karibu zote zinaitii sharti hilo, ziwe za mikono au za mashine. Katika Mr. India ya mwaka 1987, ambayo mashabiki wa filamu za Kihindi katika pwani yetu hawahitaji kusimuliwa, kifaa cha mkononi kinamfanya Anil Kapoor asionekane, lakini mwanga mwekundu humfichua. Sharti hilo moja linaigeuza kila taa nyekundu kuwa hatari. Katika Who Framed Roger Rabbit ya mwaka 1988, sungura wa katuni amefungwa pingu pamoja na mpelelezi anayehangaika kuikata kwa msumeno. Sungura anauchomoa mkono kirahisi ili kumsaidia, na mpelelezi anapomjia juu, anajibu kuwa hakuweza kuuchomoa wakati wowote ule, ila pale tu ilipochekesha. Sijui maelezo mafupi kuliko hayo ya sheria ya fani nzima. Nayo Groundhog Day ya mwaka 1993 inarudia siku moja bila kueleza kwa nini na karibu bila madoido yoyote. Kila kitu kinaanza upya saa kumi na mbili asubuhi isipokuwa kumbukumbu za mtu mmoja, na ufinyu huo unabeba filamu nzima.

Mfano wa karibuni zaidi ni Everything Everywhere All at Once ya mwaka 2022, iliyopata tuzo 7 za Oscar, ambayo sehemu kubwa ya madoido yake ilitengenezwa na kikundi kidogo cha watu wachache waliojifunza wenyewe. Malimwengu sambamba yaliyomo hayana idadi, na kwa hesabu yangu filamu ingepaswa kuporomoka kama filamu nyingi zilizojazwa kila kitu. Haiporomoki kwa sababu kuvuka kwenda ulimwengu mwingine kuna bei: lazima mtu atende jambo la ajabu lisilotarajiwa, avae viatu mguu usio wake, au ajikate kwa karatasi katikati ya vidole. Bei hiyo ni ya aibu na maumivu madogomadogo, nayo hulipwa na mwili wa binadamu, kama alivyolipa Keaton, ila safari hii bila kuvunjika shingo.

Upande wa mikono unabaki na hoja moja ambayo sitaki kuipuuza. Mwigizaji anayetazama kitu kilichopo huangalia tofauti na anayetazama kipande cha kitambaa cha kijani ambacho kompyuta itakibadilisha baadaye kuwa picha. Katika Elf ya mwaka 2003, wakati kompyuta zilikuwa tayari na nguvu za kutosha, mwongozaji Jon Favreau alichagua hila kongwe ya kumweka Will Ferrell karibu na kamera na wenzake mbali, juu ya seti zilizojengwa kwa vipimo viwili, ili aonekane jitu kati ya vibwengo. Seti hizo zina uzito unaohisiwa. Lakini filamu mbili za kwanza za Paddington, za mwaka 2014 na 2017, zinaidhoofisha hoja hiyo: dubu wake ni wa kompyuta kuanzia masikio hadi miguu, na bado familia inayoishi naye inamtazama kwa upendo unaoaminika, pengine kwa sababu uajabu wake ni mmoja tu, kwamba ni dubu anayesema, na mengine yote ni adabu na bahati mbaya za nyumbani.

Kuna pingamizi linaloigusa hoja yangu mwenyewe. Méliès hakujali masharti ya hadithi: katika filamu yake ya safari ya mwezini uyoga huota ghafla, mwavuli hugeuka uyoga, wakazi wa huko hulipuka wakawa moshi, na hakuna anayeuliza sheria ni ipi. Mbona bado anafurahisha? Nadhani ni kwa sababu safari yake ya mwezini ya mwaka 1902 ni ya takriban robo saa tu, na filamu zake nyingi ni fupi kuliko hiyo. Ufupi wenyewe ulikuwa mpaka. Ni filamu ya saa mbili inayohitaji kanuni, maana humo mtazamaji hupata muda wa kuzoea maajabu na kuyachoka. Kwa sababu hiyo sishangai kwamba ile hila ya 1896, ya kusimamisha picha na kubadilisha kilichomo, leo inastawi zaidi katika vichekesho vya dakika moja vinavyorekodiwa kwa simu na vijana wasio na studio wala bajeti, kuliko katika filamu kubwa zenye uwezo wa kuonyesha chochote.