Mkazo Ulionitoa Posho

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawasimulia habari hii kwa namna yake, akadai eti nilipanda juu ya kiti, naomba nami niseme yaliyotokea jana usiku katika baa moja ya Granada, Hispania. Sikupanda kiti. Nilisimama tu.

Sisi Waswahili nafsi na wakati huvitanguliza: ninaalika, alialika, hata mlevi hachanganyi. Mhispania huviweka mkiani, tena kwake kumwalika mtu baa ni kumlipia. Invito, mkazo ukiwa katikati, ni mimi ninayewalipia watu. Invitó, mkazo ukiwa mwishoni, ni yeye aliyewalipia. Nami nimezoea kuutua mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho tangu nilipojua kusema.

Basi nilikuwa nikieleza jinsi mwenye nyumba wangu alivyowalipia wapangaji wote siku yake ya kuzaliwa. Mwanzo wa sentensi ulimezwa na kelele za mpira kwenye televisheni, nikapaza sauti, na papo hapo penalti ikagonga mwamba, baa nzima ikanyamaza kimya. Ndani ya kimya hicho ulimi wangu, uliolelewa Tanga, ukatoa mkazo wa Tanga: "¡Invito a todos!" Yaani, nawalipia wote!

Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine. Mhudumu akaacha kufuta bilauri. Mzee mmoja pale kaunta akalikunja gazeti lake polepole, akavua miwani, akanitazama kwa upendo ambao sijawahi kuuona tangu nifike Hispania. (Mnaosoma mkiwa kazini, chekeni kimoyomoyo.) Nikajaribu kujinasua kwa nyakati nyingine: nikasema "invitaba", nikasahau kwamba umbo hilo ni lake yeye na ni langu pia, nikakimbilia "invitaré", kumbe nimeahidi kwamba nitalipa. Mzee akaanza kupiga kaunta kwa kiganja, "¡Que invite! ¡Que invite!", na baa ikaitikia. Umbo hilo la kutaka, ambalo hugeuza a kuwa e kama sisi tunavyogeuza analipa kuwa alipe, lilinishinda darasani muhula mzima. Pale niliielewa kila herufi yake.

Nililipa. Heri Granada kitafunio huja bure pamoja na kinywaji. Ila rafiki yangu huyo, aliyejua fika nilichokusudia kusema, aliwahi kuagiza sahani kubwa ya pweza kabla hesabu haijafungwa.