Saa 6 na Dakika 41

Jumapili alfajiri simu ilinitolea ripoti: "Saa 6 na dakika 41." Nikadhani saa yake imeharibika, maana jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza. Kumbe ndio wastani wangu wa kutwa kuikodolea macho! Nikaifunika haraka, Mama Rehema asione. Simu niliyoinunua kwa jasho langu, nailisha bando, nailaza kando ya mto, leo inanichongea.

Na ukiniuliza naangalia nini, utanicheka. Usiku wa jana, ndani ya neti, nilifungua nione matokeo ya Yanga tu. Matokeo yenyewe sekunde mbili. Chini yake akatokea jamaa anaosha zulia. Zulia limeshika tope hata rangi haijulikani. Anamwaga sabuni, anapitisha mashine, maji meusi yanatiririka, mara ua jekundu linachungulia. Sasa mtu unaachia vipi hapo, na pembeni bado hapajatakata? Likaisha hilo, likaja jingine. La nne lilikuwa la paka, sisemi zaidi, na nikalimaliza. Saa nane usiku bando likakata. Nikakopa.

Marehemu mzee wangu alikuwa na redio moja, betri zikichoka anazianika juu ya bati. Akishasikiliza taarifa ya habari ya Redio Tanzania saa mbili usiku, anazima. Kesho yake mtaa mzima unamuuliza yeye. Mimi je? Juzi ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku EWURA wanapotangaza bei za mafuta. Bodaboda kaniuliza, "Mzee, imepanda au imeshuka?" Sijui! Angeniuliza namna ya kutoa doa la mafuta kwenye sufu, ningempa darasa mpaka abiria wake wamkimbie.

Basi natoka chumbani, naona sebule iko tupu. Kapeti letu, lile lililomwagikiwa uji tangu Ramadhani, limetandazwa uani. Pembeni ndoo, sabuni ya unga, brashi.

"Baba Rehema, umesoma vya kutosha. Leo mtihani."

Nimesugua mpaka kiuno kikagoma. Na maji yakatoka meusi kweli, siongopi, hadi hasira ikaniisha. Nikainua kichwa nipumue, namwona Rehema kasimama kibarazani na simu yangu mkononi, kaielekeza kwangu.

"Baba, rudia hapo pembeni, haijatokea vizuri."